Kompyuta za Ghala la Majembe

Ndugu Mhariri wa gazeti letu la mkutano ameniandikia kuniomba nieleze historia ya chumba cha kompyuta cha shule, kwa sababu, asema yeye, tuliokuwepo tangu mwanzo tunazidi kupungua. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nitaeleza pamoja na aibu zetu. Historia ikiandikwa na kamati huwa safi mno, na wanafunzi waliopo sasa wanajua kwamba hakuna jambo safi namna hiyo hapa duniani, sembuse Bagamoyo.

Wenzangu mliosoma zamani mnalikumbuka jengo lenyewe. Ndilo lile ghala la Elimu ya Kujitegemea upande wa baharini, mlimokuwa na majembe, mapanga, ndoo na mizani ya kupimia mihogo. Kila Jumamosi tulipanga mstari mlangoni, na kiranja akaandika nani kachukua jembe lipi. Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1974, na jembe langu lilikuwa na mpini uliopinda. Nalitaja jambo hilo dogo kwa kuwa mwaka huohuo Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Kwa hiyo katika ghala lile lile ambamo leo mna kompyuta, sisi tulishika majembe wakati ambapo kompyuta ilikuwa kitu kilichokatazwa kwa sheria.

Vijana wanaponisikia nikisema hivyo hucheka. Lakini marufuku ile ilikuwa na sababu zake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na miaka iliyofuata Serikali ikajaribu kufanya hesabu zake zote kwa mashine. Kazi ikaharibika. Hesabu zikachelewa na kukosewa, wataalamu waliozijua mashine walikuwa wageni, vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Basi Serikali ikarudi kwenye vitabu na kalamu, na ikafunga mlango. Marufuku ikaja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980. Mimi ninaona kwamba waliofunga mlango hawakuwa wajinga kama wanavyosemwa. Walikuwa wamenunua mashine ambayo hawakuwa na uwezo wa kuitawala. Mtaona mbele kwamba mimi mwenyewe nilifanya kosa hilohilo miaka thelathini baadaye, kwa fedha zenu.

Nilipotoka shuleni nilijifunza ufundi wa simu, na ndiko nilikoonana na kompyuta. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, Dar es Salaam ilikuwa imejaa maduka ya kompyuta na vyumba vya intaneti, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kodi za kompyuta zikaondolewa. Mashine zilizoletwa hazikuwa tena kama za zamani, na hapa sina budi nieleze kidogo, kwa maana mambo yote yaliyotupata yalitoka hapo.

Zamani kompyuta ilikuwa sanduku lenye bodi kubwa, ambayo mafundi wa Kariakoo huiita mazabodi, na juu ya bodi hiyo ulichomeka kadi: moja ya picha za skrini, moja ya sauti, moja ya waya wa mtandao. Kadi ikifa, unaing'oa na kuweka nyingine. Mwaka 1999 kampuni ya Intel ilitoa kundi la chipu liitwalo 810, ambalo lilibeba kazi ya picha ndani yake, wala halikuhitaji kadi. Hata kumbukumbu ya kuchorea picha haikuwa nayo; ilimega sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Sauti nayo ilikuwa imewekewa kanuni ya pamoja, AC'97, iliyotoka mwaka 1997, hata ikawa rahisi kuibandika kwenye bodi kwa gharama ndogo sana. Mtandao ukafuata. Makampuni mengine, hasa ya Taiwan, yakafanya vivyo hivyo kwa bei ya chini zaidi. Kufikia mwaka 2004 ungeweza kununua bodi moja yenye kila kitu, na kwa shule maskini hiyo ilikuwa neema. Ndivyo nilivyodhani.

Jambo la pili ni Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta akakitoa bure kwa yeyote anayetaka kukitumia, kukisoma na kukirekebisha. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni inayomlazimu kila anayekisambaza kutoa pia maandishi yake. Watu kutoka kila bara wakajiunga. Hapa kwetu habari zake zilisikika zaidi Desemba 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili tupu. Nilipoona kwa macho yangu kompyuta ikiniambia "Hifadhi" na "Chapisha", nilisisimka kama siku ile tuliposhinda kombe la wilaya.

Mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani ulifanyika mwezi huohuo. Tulikuwa tumechanga fedha za kompyuta kumi na nne. Swali likawa: tutaweka mfumo gani? Ndugu Mweka Hazina, ambaye tulikuwa naye darasa moja tangu kidato cha kwanza, alisema tununue Windows kwa leseni halali, hata kama tutapata kompyuta tisa tu. Wengine walisema tuchukue nakala ya mtaani, kama ilivyo desturi. Mkuu wa Shule akakataa katakata, akatukumbusha kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na kwamba hawezi kufundisha uadilifu darasani halafu aibe chumba cha pili. Mimi nikasimama nikasema: Linux ni bure na halali, tununue zote kumi na nne. Nilisema kwa ufasaha, nadhani, kwa kuwa nilipigiwa makofi. Ndugu Mweka Hazina aliuliza swali moja tu: "Umejaribu?" Nikamjibu kwamba nimejaribu nyumbani kwangu na inafanya kazi barabara.

Nilikuwa nasema kweli. Nyumbani nilikuwa na kompyuta ya mwaka 2000 yenye ile chipu 810 ya Intel, na Linux ilishika picha, sauti na mtandao bila taabu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba bodi moja yenye kila kitu ni sawa na bodi nyingine yenye kila kitu.

Nitumie mfano wa kwetu. Nyinyi mnajua kwamba bandari ya Bagamoyo ina maji mafupi. Katika siku za misafara meli kubwa haikuweza kusogea. Ilitia nanga mbali, na mizigo ikaja kwa mashua, kisha wachukuzi wakaingia majini hadi kiunoni kuipokea. Hiyo ni mojawapo ya sababu Wajerumani walihamisha makao yao makuu kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Meli iwe nzuri vipi, bila mtu anayejua fungu liko wapi na mkondo unapita wapi, mzigo hauteremki. Katika kompyuta, kiini cha mfumo ndiyo meli, chipu ndiyo ufuko, na katikati yake hukaa programu ndogo iitwayo draiva. Wengine husema kiendeshi. Mimi ningeipa jina la rubani, lakini sikuulizwa. Kila chipu ina fungu zake na mikondo yake, na rubani wa ufuko mmoja hafai kwa mwingine.

Sasa, anayezijua fungu za chipu ni kiwanda kilichoitengeneza. Viwanda karibu vyote viliandika draiva kwa ajili ya Windows, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na wanunuzi. Kwa Linux vingine vilitoa vitabu vya maelezo, vingine vikanyamaza. Pale viliponyamaza, watu wa kujitolea walilazimika kubahatisha: kutazama draiva ya Windows inazungumza nini na chipu, kuandika, kujaribu, kuanza upya. Mfano mashuhuri ni ule wa bodi za nForce za kampuni ya Nvidia, zilizoanza mwaka 2001. Mtandao wake ulikuwa ndani ya bodi, maelezo yalikuwa siri, na kampuni ilitoa draiva ya Linux iliyofungwa, isiyosomeka. Mwaka 2003 watu wachache wa Ulaya wakaichunguza kwa njia hiyo ya kutazama kutoka nje, wakaandika yao wenyewe, wakaiita forcedeth. Iliingia katika kiini cha Linux, na baadaye kampuni yenyewe ikaanza kuichangia. Ugomvi na kampuni hiyo haukuishia hapo. Mwaka 2012, katika mkutano huko Finland, Torvalds alimwonyesha Nvidia ishara ya kidole ambayo, kwa heshima ya wanafunzi wanaosoma gazeti hili, sitaieleza. Maandishi ya sehemu za ndani za draiva zake za picha kampuni hiyo ilianza kuyatoa mwaka 2022.

Hayo yote sikuyajua nilipokwenda Dar kununua mashine mwaka 2005. Nilienda duka moja, nikapewa bei nzuri, nikaona masanduku kumi na manne yanayofanana, nikalipa. Tukayapakia kwenye Canter, tukaja nayo Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka shuleni, wanafunzi wakiimba. Diski za Ubuntu nilikuwa nimeletewa kwa posta bila malipo, kutoka Ulaya, ndani ya bahasha, kwani wakati ule mradi huo ulioanzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, ulimtumia diski kila aliyeomba. Jina lenyewe lilinipendeza. Ubuntu ni neno la ndugu zetu wa kusini, na kila Mswahili anayelisikia anasikia "utu" ndani yake.

Sherehe ya makabidhiano ilipangwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Nilifika Alhamisi nikiwa na siku mbili za kuweka mfumo, nikaona zinatosha. Ghala lilikuwa limepakwa chokaa.

Kompyuta tisa za kwanza zilikubali diski, zikanakili kila kitu, zikawaka upya, kisha skrini ikawa nyeusi yenye mistari michache ya maandishi meupe ikisema haikupata njia ya kuanzisha picha. Tano zilizobaki zilionyesha picha nzuri, lakini hazikuona waya wa mtandao kabisa, kana kwamba tundu lile lilikuwa pambo. Zote kumi na nne zilikuwa bubu. Ndipo nilipofungua masanduku mawili na kutazama ndani. Bodi hazikuwa za namna moja. Sanduku lilikuwa moja, jina lilikuwa moja, lakini kiwanda kilikuwa kimebadili chipu kati ya toleo na toleo, na muuzaji alichanganya tu mzigo wake. Sikumlaumu sana, hata mimi sikumwuliza.

Usiku wa Ijumaa sikulala. Jumamosi saa nne wageni walifika, mgeni rasmi akakata utepe, na katika chumba kile kizuri kilichonukia chokaa kulikuwa na kompyuta tano zenye picha na tisa nyeusi. Mgeni rasmi, kwa upole wake, aliuliza kama zile tisa zimezimwa ili kubana umeme. Nilisema ndiyo. Nilidanganya mbele ya wanafunzi mia kadhaa, na wengi wao walijua.

Ndugu Mweka Hazina hakusema neno siku ile. Alisema kwenye kikao cha kamati wiki mbili baadaye, kwamba fedha za watu waliokopa kwenye vyama vyao vya ushirika ili wachangie shule zimekuwa mchezo wa fundi mmoja, kwamba shule imechekwa, na kwamba yeye anajiuzulu. Hakuna aliyeweza kumpinga. Tulikaa bila kusalimiana miaka saba.

Mkuu wa Shule alinipa muda hadi muhula uishe. Nikawa nakuja kila mwisho wa juma kwa basi la Mwenge. Na hapa lazima nimtaje, bila jina kwa kuwa hapendi, kijana wa kidato cha tano mchepuo wa PCM, mtoto wa mvuvi wa Mlingotini. Nilimkuta Jumamosi moja amefungua masanduku yote kumi na manne kwa ruhusa ya mwalimu wa fizikia, amepiga magoti na daftari, anaandika namba zilizochapwa juu ya kila chipu. Nikamwuliza nani kakuagiza. Akasema, "Shikamoo mzee. Naona tunagombana na mashine bila kuzijua majina."

Nilimfundisha amri moja ya Linux, lspci, ambayo huorodhesha vifaa vyote vya bodi, na kila kifaa kina namba mbili: ya kiwanda na ya kifaa chenyewe. Hata skrini ikikataa picha, amri hiyo hufanya kazi, kwa kuwa ni maandishi matupu. Intel wamejipa namba 8086, jina la chipu yao ya zamani iliyowapatia umaarufu. Realtek ni 10ec. Kijana akajaza daftari: kompyuta ya 1, ya 2, ya 3, mpaka 14, picha namba gani, sauti namba gani, mtandao namba gani. Tukagundua kwamba hatukuwa na matatizo kumi na manne. Tulikuwa na matatizo matatu.

Tatizo la picha kwenye zile tisa tulilitatua kwa njia ya mkato. Mfumo ulikuwa ukijaribu draiva isiyolingana na chipu ile mpya. Katika faili moja ya maandishi tukafuta jina hilo tukaandika vesa, ambayo ni draiva ya jumla, ya njia ambayo karibu kila chipu ya picha huielewa. Ni kama kuzungumza na mgeni kwa Kiswahili cha sokoni: hamtajadili ushairi, lakini samaki atauzika. Picha zilitokea, nzito kidogo, ukiburuta dirisha unaliona likijikokota. Zilitosha kwa kuandika barua na hesabu. Baadaye, tulipopata toleo la Juni 2006, draiva yenyewe ya chipu ile ilikuwa imekwisha kuandikwa na watu tusiowajua, nasi tukaifuta vesa bila kuagana nayo.

Tatizo la mtandao kwenye zile tano lilikuwa na kejeli yake. Draiva ilikuwepo kwenye intaneti, lakini ili uipate intaneti unahitaji mtandao, na mtandao ndio unaotaka draiva. Nilisafiri hadi Mwenge, nikaingia chumba cha intaneti, nikaishusha kwenye kijiti cha megabaiti 128 nilichokivaa shingoni, nikarudi. Kufika shuleni nikakuta ni maandishi ghafi yanayotakiwa kusindikwa kwanza kwenye kompyuta yenyewe, na vyombo vya kusindikia havikuwa vimewekwa. Kijana akavikuta ndani ya diski ileile ya posta. Tukasindika. Ikakataa. Toleo la kiini halikulingana. Nikaenda tena Mwenge. Mara ya tatu mwalimu wa fizikia, mtu wa vitendo, akaniambia: "Mzee, hiyo nauli yako imeshanunua kadi." Na ilikuwa kweli. Tukanunua Kariakoo kadi tano za kuchomeka zenye chipu ya Realtek 8139, rahisi kuliko zote, ambayo Linux ilikuwa imeijua kwa miaka mingi, tukazima mtandao wa ndani ya bodi kwenye baiosi, na mambo yakaisha kabla ya chakula cha mchana. Zile tisa, kumbe, zilikuwa na chipu hiyohiyo ndani ya bodi tangu mwanzo.

Tatizo la sauti ndilo ninaloona haya kulieleza. Tulihangaika nalo majuma matano. Tulisoma kwamba sauti ya AC'97 imegawanyika vipande viwili, kimoja ndani ya kundi la chipu na kingine chipu ndogo pembeni ambayo kila kiwanda huchagua yake, tukahisi hapo ndipo penye ugonjwa. Tukabadili hiki na kile. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuja kufagia, akabonyeza vitufe kwenye ukurasa wa marekebisho ya sauti tulioacha wazi, na spika ikalia. Draiva ilikuwa imefanya kazi tangu siku ya kwanza. Ile ALSA, mpango wa sauti ulioingia rasmi katika kiini cha 2.6 mwezi Desemba 2003, huanza na milango yote ya sauti ikiwa imefungwa, mpaka mtu aifungue. Sauti ilikuwa imezimwa tu. Yule mwanafunzi aliendelea kufagia.

Kufikia Novemba 2005 chumba kizima kilifanya kazi, chenye Jambo OpenOffice, na wasichana wa shule jirani walikuja Jumatano kujifunza. Mwaka 2006 ukame ulileta mgao wa umeme nchi nzima, tukafundisha alfajiri na usiku wa manane kufuata ratiba. Mwaka 2007 tulipata kompyuta nane kuukuu kutoka ofisi moja, dhaifu hata kwa Linux, lakini bodi zake ziliweza kuwaka kwa kupitia waya wa mtandao. Tukafanya mashine moja yenye nguvu kuwa seva, na nane zile zikatumia akili yake, zenyewe zikiwa skrini na vitufe tu. Tulihitaji vitu viwili tu kutoka kwenye bodi, picha na mtandao, na kwa kuwa sasa tulikuwa na daftari, tulijua kabla ya kufungua.

Bodi za kila-kitu-kimoja zilikuwa na ubaya mwingine, na huo si wa Linux. Bodi nyingi za miaka ile, duniani kote, zilitengenezwa kwa kapasita mbovu. Baada ya miaka miwili mitatu zilivimba vichwa na kuvuja. Ongeza chumvi ya upepo wetu. Zamani ingekufa kadi moja. Sasa bodi ikifa, picha, sauti na mtandao vinazikwa siku moja. Tulipoteza sita kati ya kumi na nne kufikia 2009. Mbili tulizifufua kwa kubadili kapasita kwa mikono, kazi ambayo fundi wa simu anaiweza kuliko fundi wa kompyuta, na nikapata kurudisha heshima kidogo. Radi nayo iliunguza tundu la mtandao la moja. Hapo tulichomeka kadi, ikaendelea. Kwa hiyo mimi ni shabiki wa bodi yenye nafasi za kuchomeka, na nitabaki hivyo hata mkinicheka.

Leo mambo yamegeuka. Intel na AMD, tangu 2007 na 2008, zilianza kutoa vitabu vya maelezo ya chipu zao za picha. Ukinunua kompyuta ya kawaida ukaiwekea Linux, mara nyingi picha, sauti na mtandao hushika bila wewe kujua kwamba kuna draiva. Nyinyi wanafunzi mnabeba kiini kilekile cha Torvalds mifukoni, maana simu za Android hukitumia, na simu nayo ni kila kitu katika chipu moja, kuliko bodi yoyote niliyopata kuifungua. Ikiwa kiwanda chake hakikutoa maelezo, simu nzima hubaki na mfumo wa zamani mpaka itupwe. Ni jambo lilelile la bodi zetu tisa.

Yule kijana wa Mlingotini alisoma uhandisi. Ananipigia simu sikukuu.

Ama Ndugu Mweka Hazina, mwaka 2012 mwanawe alikuja kwangu Dar na kompyuta ya mkononi iliyojaa virusi, akasema, "Baba ameuliza kama ile kitu yako ya bure inaweza kuiokoa." Niliiwekea Ubuntu. Kabla ya kuirudisha nilijaribu picha, nikajaribu mtandao, na sauti nikaifungua mwenyewe. Jioni akapiga simu. Hakutaja mwaka 2005, nami sikuutaja. Aliuliza lini nitakwenda Bagamoyo, kwa kuwa na yeye alikuwa anataka kwenda, na nauli ya basi ni ghali kwa mtu mmoja kukaa kimya njia nzima.

Tulikwenda pamoja. Daftari lilikuwepo bado, kabatini, kurasa zake zimeshikana kwa unyevu. Alifungua ukurasa wa kompyuta ya 1, akavaa miwani, akasoma namba zote kwa sauti kama anayesoma mahudhurio: 8086, 10ec, na zilizobaki. Kisha akaniuliza kila moja ni nini, na tulikaa pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga ghala.